Mguu Ule Hukuuvunja Wewe

Makote, Newala
Jumapili, alasiri

Mwanangu Somoe,

Wewe na mama yako mmekwenda kwa bibi yako kumuaga, nami nimebaki nikisema nina kazi ya kumalizia karakanani. Kazi yenyewe ni hii. Naandika juu ya meza ninayopigia misumari, kwa hiyo ukiona herufi zinayumba ujue ni meza.

Habari za kufunga sanduku, na basi la Masasi, na nani atakupokea Morogoro, mama yako ameshazisema na atazisema tena kesho mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu, na nimechelewa nalo miaka mingi.

Jana kwenye sherehe ya kukuaga ulisimama mbele ya watu ukasema, "Baba yangu ndiye aliyenipa mguu. Na nilipouvunja kwa utundu wangu, mwaka wa mtihani, hakunipiga. Alikaa chini akanitengenezea mwingine." Watu wakapiga makofi, shangazi yako akapiga vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa, na jirani yangu akanishika bega akidhani nalia kwa furaha. Mama yako peke yake ndiye hakupiga makofi. Aliendelea kupakua wali, na sikuweza kumtazama.

Somoe, mguu ule hukuuvunja wewe.

Nimeandika maneno hayo nikatoka nje kunywa maji, kisha nikarudi. Sasa nianzie mwanzo, maana mengine ulikuwa mdogo na mengine nilikuficha.

Ulikuwa hujaanza shule ulipogongwa na nyoka, moma, siku tunafyeka chini ya mikorosho. Hospitali walijitahidi, lakini mguu ulikuwa umeharibika, wakaukata chini ya goti. Bibi yako alisema "Nnungu wangu!" mara moja, akakaa chini pale kwenye sakafu ya wodi. Wewe ulipozinduka uliuliza kiatu chako kiko wapi.

Mguu wako wa kwanza nilikuchongea mti. Ulikuwa mzito, na kila ukikanyaga mguu ulilia kama mchi kinuni, ndiyo maana watoto wakakuita Twanga. Ulicheka nao. Lakini nilikuwa nikikuona jioni ukifungua mikanda na kukanda kigutu chako kwa mafuta ya nazi, na nilijua kwamba siku moja lazima nikutengenezee kitu chepesi.

Wakati huo nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Kabla mambo hayajaharibika, kiwanda kilinipeleka Dar es Salaam kwenye mafunzo mafupi, na huko ndiko nilikojifunza kuchanganya katani na plastiki. Mkufunzi wetu, Mwalimu Josefu, alitupa fito mbili za kahawia zinazofanana kabisa. Akasema, "Vunjeni." Ya kwanza ikakatika mkononi, na nyuzi za katani zikachomoka safi, kama sindano kwenye kitambaa. Ya pili tuliihangaikia watu wawili.

"Kwa nini?" akatuuliza. Hatukujua. "Katani inapenda maji," akasema. "Plastiki inayakimbia. Ukiziyeyusha pamoja zitakaa pamoja, lakini hazitashikana. Ni kama abiria wawili wasiojuana kwenye kiti kimoja. Kwanza ichemshe katani kwenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ioshe, ikaushe sawasawa. Halafu tia hiki." Akafungua kiganja akatuonyesha punje nyeupe, kama chenga za mchele. "Hiki ni kiunganishi. Upande mmoja kinaishika katani, upande mwingine kinaishika plastiki. Bila hiki fito itapendeza macho tu, mpaka siku ikilowana."

Tulipoagana alinipa mfuko mdogo wa punje zile. Niliuleta Newala nikiwa nimeufunga ndani ya shati.

Haukupita muda kiwanda kikasimama. Soko huria lilikuwa linaingia. Tukaambiwa tungoje mwekezaji, mashine zikaota kutu, na korosho zikawa zinaondoka ghafi kwenye malori ya wanunuzi binafsi mbele ya macho yetu tuliozoea kuzibangua. Nikafungua karakana hii. Nilikusanya makreti mabovu na ndoo zilizopasuka, nikawa navuna mkonge wa mpakani mwa shamba la bibi yako. Nilitengeneza mipini ya majembe na vipande vya mfereji wa kukingia maji ya mvua. Ule mfuko wa punje nikauning'iniza juu ya dari, nikamwambia mama yako, "Huu hauguswi. Huu ni wa mguu wa Somoe."

Na wewe nikakuahidi. Ulikuwa unaingia darasa la saba. Nikasema, "Shule ikifunguliwa mwezi wa kwanza, utavaa viatu viwili kama wenzio." Ulimwambia kila mtu.

Kabla ya hapo akaja Bwana Sefu. Wewe hukumbuki, alikuwa mnunuzi wa korosho mwenye pikapu nyekundu. Aliona mipini yangu, akaigonga-gonga kwa kidole. "Fundi," akasema, "nataka trei za kuchambulia korosho, nyepesi, zisizooza. Nitengenezee chache za mfano. Nikizipenda nachukua za ghala zima." Mwanangu, mtu aliyeachishwa kazi akiitwa fundi na mwenye pikapu, masikio yake hufunguka. Niliona karakana imekuwa kiwanda. Niliona vijana wa Makote wameajiriwa na mimi. Nikaushusha mfuko darini.

Mama yako alinikuta nimeufungua. "Baba Somoe, na mguu wa mtoto?"

"Plastiki ni ile ile, katani ni ile ile," nikamjibu. "Mtoto hana uzito wa gunia."

"Si ulisema hauguswi?"

"Niache nifanye kazi."

Punje zote zikaishia kwenye trei. Zilitoka nzuri. Bwana Sefu akazipakia, akanipa mkono, akaondoka, na sikumwona tena mpaka leo.

Shule ilikuwa karibu kufunguliwa na mguu ulikuwa bado. Ningeweza kukwambia ungoje. Ungelia siku moja ukanyamaza. Lakini niliona aibu kuikosa ahadi niliyoitangaza mwenyewe, nikaona heri mguu mbovu kwa wakati kuliko mzuri kwa kuchelewa. Mvua za kwanza zilishaanza. Katani ilikuwa haijakauka vizuri, na kostiki sikuitumia kabisa, maana kuchemsha na kuosha kungenichukua maji na siku. Niliyeyusha makreti, nikachanganya, nikajaza kalibu, nikagandamiza kwa jeki. Muundi, kile kipande cha chini ya goti, ulipotoka niliona vitundu vidogo vidogo, pale mvuke ulipotafuta njia ya kutokea. Nikavijua ni vya nini. Nikaviziba kwa nta, nikapaka rangi ya kahawia, nikafunga kikombe cha ngozi juu na unyayo wa tairi chini.

Siku ya kwanza ulitembea nao hadi mlangoni na kurudi bila mlio wowote, ukanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu. Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikacheka, nikakuinua.

Mvua zikakolea, nawe ukawa unatoka mbio na ndoo kama watoto wote wa Newala, kukinga maji ya bati kabla hayajapotea. Nilikuona umesimama kwenye maji yanayopita, mguu wote umelowa, unacheka na Zuhura, rafiki yako. Nilijua maji yanafanya nini kwenye katani isiyoshikwa. Inayanywa, inavimba, na jua likirudi inasinyaa na kuacha nafasi. Nilisimama dirishani nikayajua yote hayo, kisha nikaingia ndani.

Kiangazi ukaniambia, "Baba, mguu unalia."

Nilikaza skrubu. Nikakwambia ni ngozi inayosugua.

Hapo ndipo ninaporudi mara nyingi kuliko pengine pote. Ulikuwa umekuja mwenyewe. Ulikuwa umenyoosha mguu juu ya meza hii hii, nami nilikuwa na bisibisi mkononi. Ningeufungua ningeuona ufa. Kosa bado lilikuwa dogo, halijamuumiza mtu, lingekwisha kwa maneno machache ya aibu. Nikakwambia nenda kacheze.

Mtihani ulipokaribia mlikuwa mnawahi shule asubuhi. Siku ile kengele iligongwa mkiwa bado njiani, mkakimbia wewe na Zuhura, na kwenye mteremko wa mawe muundi ukakatika. Ulitua kwa mkono wa kulia. Mwalimu wenu alikuleta juu ya baiskeli, na Zuhura nyuma yake amebeba kipande cha mguu kwa mikono miwili, kama amebeba kitoto.

Nilikipokea kile kipande nikakitazama kabla sijakutazama wewe. Nyuzi zilikuwa zimechomoka safi. Hakuna hata moja iliyokuwa na plastiki mwilini. Ilikuwa fito ile ile ya kwanza ya Mwalimu Josefu, ila hii ilikuwa imemvunja mtoto wangu mkono.

Na hapo, Somoe, mbele ya mwalimu na majirani waliokwisha kujaa uani, nikakuuliza, "Ulikuwa unakimbia?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikwambia nini kuhusu kukimbia na mguu huu?"

Sikuwa nimekwambia chochote. Sijawahi. Nilikuona unatafuta kichwani, uso umekauka kwa maumivu, unajaribu kulikumbuka katazo ambalo halikuwepo. Hukulipata, lakini ukaniamini mimi kuliko kumbukumbu yako. Ukasema, "Nisamehe, baba."

Nikasema, "Haya. Yamepita."

Nilikusamehe. Mimi ndiye niliyekusamehe wewe, na watu wakasema baba yake ana moyo mpana.

Mlipokwenda hospitali na mama yako, nilikitia kile kipande jikoni. Plastiki iliwaka kwa moshi mweusi, na katani ikanuka kama mahindi yaliyoungua. Mama yako alirudi kuchukua kanga akanikuta. "Unachoma nini?"

"Takataka."

Alitazama jiko, akanitazama. Akachukua kanga yake akaondoka. Tangu siku hiyo alinisihi zaidi ya mara moja, "Baba Somoe, mwambie mtoto." Nami nilijibu kila mara kwamba utakapokua. Usimkasirikie. Alinyamaza kwa sababu nilimwomba, na kunyamaza kwenyewe kulimuumiza. Hata jana, unakumbuka, hakupiga makofi.

Wenzio walifanya mtihani wewe ukiwa na plasta. Zuhura akaenda sekondari, wewe ukarudia darasa na watoto wadogo kwako. Hukulalamika. Ulikuwa ukiniambia, "Ni makosa yangu." Kila uliposema hivyo nilipata nafasi nyingine ya kusema kweli, na kila mara nikaiacha ikapita.

Nilichofanya ni kazi. Nilimwandikia Mwalimu Josefu, na nilipokuwa nangoja jibu nikajaribu nilivyoweza. Nilichemsha katani kwenye kostiki, nikaiosha, nikaianika mpaka ikawa nyepesi kama nywele za mtoto. Mama yako alinipa ndoo nzima ya maji ya kulowekea fito za majaribio, na wewe umezaliwa Newala, unajua ndoo ya maji ni kitu gani huku. Aliitua pale mlangoni. Nilijaribu hata mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua vidole. Nilipaka katani kidogo sana, nikaikausha kwa moto wa polepole, ndipo nikaichanganya. Fito hizo zilishika kuliko zile tupu, lakini hazikuniridhisha. Mwishowe kikaja kifurushi cha punje kwa basi la Masasi, na barua fupi ya Mwalimu Josefu ikiniambia nisiwe na haraka.

Fito za mara hii nilizivunja kwa jeki baada ya kuzilowesha na kuzianika tena na tena. Zilipokatika, nyuzi hazikuchomoka. Zilikatika na plastiki imezing'ang'ania, kama nyama kwenye mfupa. Ndipo nikakutengenezea mguu wa pili. Kila niliokuvika tangu hapo umetoka hivyo, na huu unaoondoka nao kesho nimeulowesha, nimeuanika, nimeukanyaga mimi mwenyewe na uzito wangu wote kabla hujauona. Uvae viatu unavyotaka. Ingia kwenye maji. Kimbia.

Maana najua hukimbii. Tangu siku ile sijakuona ukikimbia hata mvua ikikunyeshea. Kwenye ngoma ya unyago wenzio walicheza, wewe ukakaa ukisema umechoka. Na kuna hili linalonikata zaidi. Glasi ikivunjika chumba kingine, wewe unasema samahani. Mbuzi wa jirani akiingia shambani, samahani. Mama yako anadhani ni adabu. Mimi najua mahali ulipojifunzia, na najua mwalimu alikuwa nani.

Ulipokuwa kidato cha pili nilikwenda Masasi kununua skrubu. Sokoni nikamkuta mama mmoja anauza dagaa, ameziweka juu ya trei ya kahawia. Niliijua kabla sijaikaribia, pembe yake moja niliikwaruza kwa tupa.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Aliiacha mteja, zamani," akasema. "Haiharibiki hii, baba. Mvua, jua, ipo tu. Unataka dagaa?"

Niliomba kuishika. Nikaikunja kwa mikono yote miwili, ikagoma. Haikuwa na ufa wala uvimbe. Kila kilichokuwa chako, Somoe, kilikuwa mle ndani, kimebeba dagaa. Nilinunua dagaa nikaondoka. Jioni mlikula, ukasema ni tamu, ukaniuliza mbona mimi sili.

Nimefika hapa na naona ninapaswa kukupa mawaidha, kwa kuwa ndivyo wazazi wafanyavyo. Sina mengi. Unakwenda kujifunza kazi ya maabara, utashika vitu vya watu na vitavunjika, vingine mikononi mwako. Kitu kikivunjika, tazama kwanza pale kilipovunjikia, kabla hujatazama nani alikuwa amekishika. Mimi nilitazama na nikaona, halafu nikamgeukia aliyekishika. Na usikubali kosa kwa sababu tu anayekusukumia ni mkubwa au unampenda. Uliza. Mwambie akuonyeshe kipande. Kama kosa ni lako kweli, liseme lingali dogo, la kukaza skrubu tu.

Wala sitaki ufikiri kwamba niliibeba siri hii kila saa, nikidhoofika. Hapo nisingekuwa nakwambia kweli. Zilipita wiki nzima nisiikumbuke. Nilicheka, nilikula, nilisifiwa kwa miguu niliyowatengenezea watu wengine, na nikazipenda sifa. Kuna mzee wa kule Lulindi aliyefuata mguu huku juu, akaniombea dua ndefu, nami nikaitika amina. Hilo nalo ulijue, usije ukamwonea huruma baba ambaye hakuwepo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute Morogoro. Nilishaikunja. Kisha nikaona ni ujanja ule ule. Ungeisoma mbali, peke yako, huna wa kumuuliza, nami huku nikijiambia nimemaliza. Nimeikunjua nikaandika haya ya mwisho.

Nitakupa mkononi mkirudi. Isome leo, nyumbani, kukiwa bado na mwanga. Nitakuwa hapa karakanani, mlango wazi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kuja kesho, au baada ya mwaka, au usije kabisa, ni haki yako. Na kama hutaki nikusindikize stendi, mwambie mama yako tu. Sanduku nitalifikisha asubuhi mapema na nitakuwa nimeshaondoka mkifika.

Nasikia sauti zenu njiani. Ukija, sitajitetea. Nitakaa kimya mpaka umalize.

Baba yako